Daftari la wiki: Mzururaji wa magoli

Mvua imenyesha wiki nzima. Kwa Tukuyu hiyo si habari. Habari ni kondakta wa Kyela aliyekubali dirisha lifungwe.

Dalali wa parachichi kanunua kwa kipimo cha jicho. La kwake.

Kijiweni stendi kumezuka ubishi kuhusu mshambuliaji Mrisho Ngassa. Kijana mmoja kamwita mzururaji. Haya, tuhesabu. Kagera Sugar, Yanga 2006, Azam 2010, Simba kwa mkopo 2012, Yanga tena 2013, Free State Stars ya Afrika Kusini 2015, Fanja ya Oman, Mbeya City, hapo jirani tu, Ndanda, halafu Yanga kwa mara ya tatu, 2018. Katikati alikwenda kujaribiwa West Ham mwaka 2009, na Julai 2011 akaingia uwanjani na jezi ya Seattle Sounders dhidi ya Manchester United. Tulifungwa 7-0. Ndiyo, *tulifungwa*, siku ile nami nilikuwa wa Seattle.

Mzururaji huyo ndiye mfungaji bora wa ligi msimu wa 2010/11. Mwaka 2014 akiwa Yanga aliwapiga Komorozine ya Komoro mabao matatu nyumbani, akawafuata kwao akawaongeza matatu mengine. Mwaka 2012 aliibusu jezi ya Yanga huku mkataba wake uko Azam, hapo simtetei. Lakini dereva wa lori akibadilisha matajiri sita tunamsifu kwa uzoefu. Mshambuliaji magoli yakikauka anaambiwa afungashe, na wanaomtaka afie klabuni ni wanachama ambao hata kadi hawajalipia.

Na sisi je? Tukuyu Stars ilipanda daraja, ikabeba ubingwa wa Bara msimu uleule, 1986. Klabu za Dar zikaanza kuchuma wachezaji. Sekilojo Chambua akatoka hapa kwenda Yanga, akadumu huko miaka na miaka. Jangwani, makao ya Yanga, humwambii mtu kwamba kuna mtiifu kumzidi. Huku kwetu, alikuwa ameondoka.

Bodaboda mwenye stika tatu za Arsenal kaniuliza Tukuyu Stars ilikuwa ikipiga muziki gani.

Tangazo la kupiga marufuku mifugo kuzurura sokoni lilibandikwa Alhamisi. Kufikia mchana mbuzi alikuwa ameshalila, gundi na yote.