Zamu ya Mgeni



Niliahidi kwamba Idi ikipita ningeendelea na maelezo ya matumizi ya nyumbani. Nawaomba radhi, hayo yatangoja. Nayaandika haya nikiwa Rapsu, kaunti ya Isiolo, nyumbani kwa kaka yangu aliyeoa huku na kuhamia miaka mingi iliyopita, na jambo lililonileta ndilo linalonizuia kuandika jingine. Nimemrudisha bintiye wa miaka tisa, aliyekuja kwetu Mombasa kula sikukuu. Alikuja kwa ajili ya pembea. Amerudi bila kuipanda, na sehemu ya sababu ni mimi.

Kwa wasioijua Rapsu, ni makazi ya Waborana, Waislamu wenzetu, upande wa Garbatulla, si mbali na Mbuga ya Taifa ya Meru. Nchi ni kavu, ila pana skimu ya umwagiliaji, na maji ya mfereji yapitapo huota mahindi, vitunguu na nyanya. Pembea ya huku ni kamba iliyofungwa kwenye tawi la mgunga. Binti huyu alikuwa ameziona pembea zetu katika simu ya babake: viti vinavyoning'inia kwa minyororo na kuzunguka hewani, taa za rangi, na kile kigari cha reli kipandacho kilima cha chuma kisha kikateremka kwa kishindo, ambacho vijana hukiita rolakosta. Mwaka mzima alikuwa akitia sarafu za shilingi kumi katika mkebe wa maziwa ya unga. Mwezi wa Ramadhani akafunga nusu yake, na mamake asema hakumlazimisha hata siku moja.

Sisi tuliokulia Mombasa twajua sikukuu bila pembea si sikukuu. Twakumbuka Makadara, nguo mpya, mkono wa Idi umefumbatwa ndani ya kiganja mpaka noti ikalowa jasho. Wala si jambo la kuonea haya. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwacha Bibi Aisha awatazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki siku ya Idi mpaka alipotosheka mwenyewe. Kwa hiyo mchezo wenyewe sina neno nao. Neno langu ni foleni.

Tulifika kiwanjani siku ya pili ya Idi, baada ya swala ya alasiri. Sitakitaja kiwanja, kwa kuwa kosa halikuwa la kiwanja. Foleni ya kigari cha reli ilikuwa imepinda mara mbili, na binti wa kaka yangu akaenda akasimama mwisho wake, tiketi mkononi, bila kuambiwa na mtu. Mimi nikaketi kivulini na wanangu. Kwa mbali nikawa namwona. Kila baada ya dakika chache alikuwa akirudi nyuma hatua moja. Akija mama mmoja na kusema, "Mwanangu mdogo, hawezi kusimama," yeye humpisha. Akija kijana na kusema, "Nimewekewa nafasi," humpisha. Likaja kundi zima la wasichana, saba kama sikosei, waliokuwa wamewekewa nafasi na mwenzao mmoja aliyesimama pale peke yake tangu awali, nao akawapisha wote, akiwatazama nyuso mmoja mmoja kana kwamba anawahesabu.

Nawaomba tupige hesabu ndogo, sisi ambao kila wiki twapigia hesabu unga na mafuta. Tukadirie kigari chachukua watoto 16, na kila mzunguko, pamoja na kupandisha na kushusha, wala dakika 4. Mtoto mwenye watu 99 mbele yake atapanda katika mzunguko wa saba. Kwa dakika 28 hivi amekwisha kushuka. Sasa kila mzunguko waingizwe watoto sita kwa mlango wa pembeni. Viti vilivyobakia kwa wenye foleni ni kumi. Mtoto yule yule atangoja mpaka mzunguko wa kumi, dakika 40. Hizo dakika 12 hazikupotea hewani. Zimetoka kwake zikaingia kwa wengine, na hakuna aliyemwomba. Nasi tunamwona mtoto analia kwenye foleni, twasema hana subira.

Watu wa pembea hizi wanalijua tatizo hili tangu zamani. LaMarcus Thompson, Mmarekani aliyefungua reli yake ya kuteremka huko Coney Island, New York, mwaka 1884, alitoza senti tano, na abiria walipofika mwisho walilazimika kushuka na kupanda jukwaa jingine ndipo warudishwe. (Asimuliwa kuwa alitaka kuwapatia vijana burudani itakayowaepusha na vilabu vya pombe, nia yafanana na ya wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu.) Leo kule Abu Dhabi, ambako wengi wetu tuna jamaa, pana Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010 ikiwa ndiyo ya kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, na abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho. Kasi imeongezeka mno. Ila mtu bado yuampasa kusimama angoje mwenzake ashuke, na hapo hakuna injini ya kutusaidia.

Narudi kiwanjani. Magharibi ilikuwa inakaribia, na mwanangu wa miaka saba akaanza kulia. Mkata tiketi alikuwa kijana wa mtaani kwetu. Akaniona, akanikonyeza, akainua kamba ya pembeni. Nami nikampitisha mwanangu. Sikufikiri hata kidogo. Mkono wangu ulifanya kama unavyofunga mlango wa nyumbani. Mzunguko ule waliingizwa sita kwa njia ile, mmoja wao wangu. Kigari kiliposimama, adhana ikatoka, kamba ikafungwa, ikasemwa basi kwa leo. Binti wa kaka yangu alikuwa wa nne kutoka kwenye kamba.

Alfajiri ya pili yake tulikuwa na tiketi za gari moshi la Nairobi, kwa kuwa shule zilikuwa zafunguliwa. Hakulia. Tulipokwisha kupita Voi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "Shangazi, abba herega wa pale ni nani?"

Sikulijua neno. Nimekuja kuelezwa na wifi yangu hapa Rapsu. Waborana wana visima vya kina kirefu, na vya kale zaidi, viitwavyo tula, viko kusini mwa Ethiopia, ambako watu husimama kwa ngazi mmoja juu ya mwingine wakipokezana vyombo vya maji huku wakiimba. Abba herega ndiye msimamizi wa zamu kisimani. Yeye hupanga mifugo ya nani ianze na ya nani ifuate, kwa kufuata haki za watu juu ya kisima kile, na mpangilio hujulikana na wote kabla mnyama wa kwanza hajanywa. Binti yule alipokuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua, hakuwa mjinga wala mnyonge. Aliamini kwamba wale waliokuwa wakimpita walikuwa wamepangiwa. Alidhani mji mkubwa kama Mombasa hauwezi kukosa msimamizi wa zamu.

Nilimweleza wifi yangu yote, pamoja na habari ya kamba. Hakunikaripia. Alinimiminia chai, akauliza, "Na mwanao alishuka amefurahi?"

Nikasema naam, alifurahi sana.

"Basi amejifunza," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Tangu hapo hadithi mbili hazinitoki kichwani. Ya kwanza ni ya Nabii Musa, amani imfikie, alipofika kwenye maji ya Madyan akawakuta mabinti wawili wamezuia wanyama wao nyuma, hawawezi kunywesha mpaka wachungaji wamalize na kuondoka, na baba yao ni mzee sana. Kila mara nimeisikia ikitolewa mawaidha ya haya na ya ndoa. Sikuwahi kuwatazama wale wachungaji. Naona hawakuwa wabaya kupita kiasi. Walikuwa wenyeji, wanajuana, kila mmoja ampisha mwenziwe, na mabinti wawili wasio na mtu pale wakabaki pembeni. Ya pili imo katika Sahihi ya Bukhari: Mtume aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani mwake alikuwapo kijana mdogo, kushotoni wazee. Zamu ilikuwa ya wa kulia. Akamwomba ruhusa yule mdogo awape wazee kwanza. Mdogo akakataa, hakuwa tayari kumwachia mtu fungu lake litokalo kwa Mtume. Mtume akampa yeye chombo. Hakumwambia akae adabu mbele ya wakubwa. Mimi nilikuwa na binti mwenye zamu yake, na sikumwomba hata ruhusa ambayo, namjua alivyo, pengine angenipa.

Kabla sijamaliza, kuna jambo la mavazi ambalo lazima niliseme, kwa kuwa nalo huzua ugomvi kwenye foleni hizi. Siku ya Idul-Fitri, tarehe 30 Agosti 2011, Waislamu wapatao 3,000 walikwenda kusherehekea katika bustani ya michezo ya Playland, mjini Rye, jimbo la New York. Baadhi ya pembea pale zilikuwa na sharti la kutovaa kitu kichwani, kwa usalama. Wakuu wa bustani walisema waandaaji waliarifiwa mapema. Akina dada wengi walisema wao walizuiwa walipotaka kupanda, na habari hiyo hawakuwa nayo. Maneno yakawa makali, zikafuata purukushani, watu 15 wakakamatwa, siku ya Idi. Wapo walioona ni chuki ya hijabu, na wapo walioona ni ukaidi wa wageni. Mimi naona zaidi neno lililokawia kufika. Sharti liambiwalo mtu langoni, kabla hajatoa pesa, ni taarifa. Sharti lile lile akiambiwa mbele ya kamba, wanawe wamemshika nguo, amekwisha kusimama na kungoja, ni fedheha.

Na hofu ya usalama si ya kubuni. Aprili 2010 huko Port Stephens, Australia, mwanamke kijana Mwislamu alifariki baada ya vazi lake kunaswa na gurudumu la kigari kidogo cha mbio. Mama anayepanda na mwanawe pembea yoyote yenye magurudumu au minyororo karibu na miguu asivae buibui refu la kuburura wala mtandio wenye ncha zinazopepea. Ushungi ulioshonwa ukaziba pande zote, ncha zake zimechomekwa ndani ya nguo, na suruali pana chini ya kanzu isiyofika kwenye vifundo, ni stara ile ile. Mikufu na leso ya begani aachiwe aliyebaki chini. Hata hivyo msimamizi akisema hapana, basi ni hapana, na tusimtolee sauti kijana ambaye hakulitunga sharti lile.

Wenye pembea nao nawaomba mambo mawatu tu. Bao la masharti liwe langoni, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka. Pawe na mtu wa kusimamia foleni ambaye siye akataye tiketi, maana mkono upokeao pesa ndio huo huo uinuao kamba. Na saa ya kufunga itangazwe mapema, foleni ikatwe kwa hesabu, asisimamishwe mtoto ambaye hatafikiwa.

Sisi akina mama tunaowekeana nafasi nilitaka kutuandikia aya nzima, nikaona heri nisimulie la leo asubuhi. Nilikwenda bombani na binti huyu. Huku mitungi ya lita 20 hupangwa mstari tangu alfajiri, na mwenyewe aweza kwenda zake kukamua mbuzi, mtungi wake unamngoja pale. Niliuliza kama huko si kuwekeana nafasi kama kule kwetu. Akanitazama kwa mshangao. Mtungi mmoja, akasema, ni wa mtu mmoja, na kila mtu auona.

Nikautia wangu nyuma ya wake. Wanawake waliokuwa mbele wakageuka, wakasemezana Kiborana, kisha mzee mmoja wao akanionyesha kwa mkono nipite, niteke kwanza. Sikuinuka. Nilikuwa nimekwisha kupita mbele za watu vya kutosha kwa Idi moja. Binti akauchukua mtungi wangu mwenyewe, akaanza kuupeleka mbele.

"Wamekupa wenyewe, shangazi," akasema. "Njoo."