Joto la Gerezani Si Hukumu ya Mahakama



Tumesikia baadhi ya wenzetu wakisema kwamba habari ya joto magerezani si kazi ya chama cha watumishi, maana mfungwa amejitakia mwenyewe, na tena sisi tulioko Mbuba twakaa katika baridi ya milima ya Ngara. Maneno hayo twayakataa yote mawili.

Tulianze la pili. Mtumishi wa Serikali hana kwao kazini. Leo yuko Ngara, avaa koti jioni. Kesho barua ya uhamisho yamfikia, naye yuko Ukonga au Keko, Dar es Salaam, au Lilungu huko Mtwara, ambako tangu Desemba hata Machi joto la mchana hupita digrii 30 na hewa imejaa unyevu wa bahari. Katika unyevu namna hiyo jasho hutoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Joto la mwili lenyewe likipita digrii 40 akili huvurugika, mtu huanguka, na asipopozwa upesi aweza kufa. Maradhi hayo hayatazami sare. Askari asimamaye mlangoni usiku kucha huvuta hewa ile ile itokayo chumbani, na yule asimamiaye kundi shambani, kama pale Idete au Kitengule, hupigwa na jua lile lile. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hii ya joto aijua hata mlinzi wa kaburi.

Sasa hilo la kwanza. Hakimu humhukumu mtu miezi au miaka; hatujapata kuona hukumu iliyoandikwa kwamba anyimwe hewa. Na wengi walio ndani ni mahabusu tu, ambao kesi zao hazijakwisha. Novemba 2002, huko Mbarali katika mkoa wa Mbeya, watu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichojazwa kupita kiasi. Mbarali si pwani! Je, nao walijitakia? Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533, na jambo hilo twalisifu. Lakini msamaha hupunguza watu, haupanui dirisha, na vyumba hujaa tena.

Kanuni hazikosekani. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela. Ya 13 yataka malazi yaangalie hali ya hewa ya nchi na kiasi cha hewa chumbani; ya 14 yataka madirisha yapitishayo hewa safi; ya 22 yataka maji ya kunywa yapatikane kila mfungwa ayahitajipo, wala si kwa kengele. Na wenzetu wasomao upesi wasiipite ya 74, itakayo masharti mema ya kazi kwa watumishi wa gereza wenyewe. Hata nchi tajiri zina aibu hii: huko Texas, Marekani, Machi 2025, jaji Robert Pitman aliona kwamba joto la magereza yao lavunja katiba, lakini hakuamuru mashine za ubaridi zifungwe mara moja.

Tutaambiwa kwamba fedha hazitoshi. Sisi hatuombi mashine. Twaomba mapipa ya maji yenye bomba ndani ya kila chumba, na mtungi kwa askari wa zamu. Mabati yapakwe chokaa nyeupe ili yarudishe jua. Matundu ya hewa yatobolewe juu ya ukuta, karibu na paa, ambako hewa moto hukusanyika. Na kazi ya shamba ianze alfajiri, isimame kuanzia saa sita hata saa tisa mchana, askari na wafungwa wote wakae kivulini. Waashi na maseremala wamo humo humo gerezani, nao ndio wapelekwao kujenga kwingine. Chokaa ndiyo itakayoishinda Serikali?

Kwa hiyo twaomba jambo hili liwekwe katika hoja za mkutano ujao wa tawi, mbele ya habari ya posho, na barua ya chama imfikie Mkuu wa Magereza wa mkoa kabla ya Desemba, ikitiwa sahihi na wanachama wote, pamoja na wale waliosema kwamba haiwahusu.