Turbo haifi bure: wenye gari, mtuambie ukweli kabla ya kutupakia

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliohama ambao mnasoma habari zetu kwenye simu ya jirani, leo sitasema habari ya bunduki. Nitasema habari ya gari. Lakini mtaona kwamba kwenye barabara ya Beni kwenda Komanda, habari hizo mbili ni habari moja.

Juzi nilikuwa ndani ya taxi-bus ya mazutu, tukirudi Beni ndani ya konvoyi. Tulikuwa watu 18, wengi ni wakimbizi wa vita, na magodoro na sufuria zao juu ya gari. Tulipopita Luna tu, motere ikaanza kupiga mluzi kama birika. Halafu moshi wa bluu nyuma, nguvu ikaisha. Shofere akaegesha pembeni. Magari mengine yakatupita moja kwa moja. Mama mmoja alikuwa na mapacha mgongoni na kifuani. Aliniuliza: « Papa, hapa si ndipo wanauaga watu? » Sikumjibu. Tangu Oktoba 2014 wilaya yetu ya Beni inazika watu wake, na kila mtu anajua maana ya kubaki peke yako kwenye barabara ile.

Mungu alisaidia, lori la mbao likatupakia. Mizigo ilibaki. Lakini kabla hatujapanda, shofere alifungua motere, akatikisa kichwa, akasema: « Ni turbo tena. Hii ni ya tatu. »

Neno hilo « tena » ndilo limenifanya niandike.

Turbo ni kitu gani? Moshi unaotoka kwenye motere unazungusha pangaboi dogo, na hilo pangaboi linazungusha lingine linalosukuma hewa nyingi ndani ya motere. Ndiyo maana gari ndogo ya mazutu inapanda mlima na watu 18. Linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Chuma kinachoyashika mapangaboi hayo mawili kinaelea juu ya mafuta ya motere, mafuta membamba kuliko karatasi. Mafuta yakikosekana sekunde chache tu, chuma kinakula chuma. Basi turbo ikikufa mara moja, tunaweza kusema imezeeka. Ikikufa mara tatu, kuna kitu kinaiua. Nyumba moja ikipata kipindupindu mara tatu, hatuulizi watoto, tunauliza maji wanakunywa wapi.

Niliifuata gari ile mpaka garaji. Nilikuta nini? Tiyo ndogo inayopeleka mafuta kwenye turbo ilikuwa imezibwa na mafuta yaliyoungua, nyeusi kama makaa. Hakuna aliyeifungua mara mbili zilizopita. Mafuta ya motere yalikuwa mazito kama tope, shofere hakumbuki vidanje ya mwisho. Filtre ya hewa imejaa vumbi, imepasuka pembeni. Kolekta ya moshi imepasuka, na mahali pa zhwe wameweka kopo la maziwa lililokatwa na mkasi. Kila mara wafundi walifungua turbo iliyokufa, wakafunga ya okazyo, wakapokea dola zao, gari ikarudi barabarani mchana uleule.

Mimi nasema: hiyo si kazi ya ufundi. Ni kumuuzia mtu jeneza mara tatu.

Fundi wa kweli anauliza kwanza kwa nini imekufa. Anabadilisha mafuta na filtre yake. Anaweka tiyo mpya ya mafuta, au anaisafisha mpaka mwanga upite upande wa pili. Anaangalia tiyo inayorudisha mafuta chini. Anafungua radiateri ya hewa na kumwaga mafuta na vipande vya chuma ambavyo turbo ya zamani iliviacha, kwa sababu vipande hivyo vikiingia ndani vitakula motere. Anaangalia kama bomba la moshi halikuziba. Anaweka zhwe mpya, si kopo. Anatia mafuta ndani ya turbo kabla ya kuwasha, na anaacha motere inguruma polepole dakika chache bila kukanyaga.

Wenye gari watanijibu: « Mwandishi, wewe unasema tu, pesa hakuna, vipande vinatoka Kampala, forodha ya Kasindi inatumaliza. » Naelewa, maisha ni magumu kwa wote. Lakini hesabu hapa ni rahisi. Tiyo, mafuta, filtre na zhwe, vyote pamoja havifiki bei ya turbo moja ya okazyo. Huyu amenunua turbo tatu. Kama kweli hana pesa, amezitoa wapi?

Tena kuna jambo la moshi. Kolekta ikipasuka, moshi unaingia mahali watu wanakaa. Watoto wanatapika, ninyi mnasema ni barabara. Mwaka 2012, idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza kansa iliuweka moshi wa mazutu kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu. Na huyo mtoto wa mkimbizi anayeuvuta kwenye kiti cha nyuma amelipiwa nauli kamili.

Kwenu mashofere: turbo ikipiga mluzi na moshi wa bluu ukitoka, msiseme « tutafika tu ». Mafuta yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, motere ikaanza kuyala na kukimbia yenyewe, hata ukizima ufunguo haisimami. Na mkitoka mlimani, acheni motere ipumzike dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Kwenu wakubwa wa barabara: kwenye kila barieri mnauliza karatasi na mnapokea pesa. Sijaona hata siku moja mtu akifungua motere kabla ya konvoyi kuondoka. Muweke fundi mmoja pale, aangalie moshi, mafuta na matairi. Gari mbovu ibaki Beni, isibaki porini na watu.

Na kwetu abiria: tusinyamaze. Kabla ya kulipa, tuangalie moshi wa nyuma. Gari ikikufa njiani, turudishiwe nauli ya safari iliyobaki. Yule mama wa mapacha hakurudishiwa hata franka moja. Aliambiwa ni bahati mbaya.

Wafundi wazuri wako kati yetu, wengine ni vijana waliokimbia kutoka Eringeti na Oicha wakiwa na funguo zao tu mfukoni. Tuwape wao kazi, hao wanaofungua tiyo kwanza. Bahati mbaya haizibi tiyo ya mafuta. Mtu ndiye aliyeiacha izibe, na mtu huyo ndiye anapaswa kujibu.

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka Beni.