AFYA YA JAMAA: Kobalti ya dawa, na hesabu yake



Kobalti, nani kwetu haijui? Tunaiona ndani ya mifuko, tunaiona juu ya malori yanayotoka Kolwezi. Lakini siku munganga anasema kwamba mama mwenye kansere atatumwa mbali kutunzwa na kobalti, jamaa yote inashituka. Wanauliza: lile jiwe tunalochimba, litaponyesha mutu namna gani? Na tena: kama mashini inafanya kazi dakika chache tu kwa siku, juu ya nini mugonjwa akae kule juma 6 ao 7? Wasimalize yote siku moja, arudi nyumbani?

Maulizo hayo ni ya akili. Tujibu polepole.

Kobalti ya udongo, yenyewe, haitoi mionzi. (Mionzi ni nguvu isiyoonekana na macho, inayopita ndani ya mwili sawa vile mwangaza unavyopita ndani ya kioo.) Kama mawe ya mine fulani yana mionzi, ni uranium iliyochanganyika ndani, ndugu ya ile ya Shinkolobwe. Kobalti ya dawa ni ingine. Wanatia kobalti safi ndani ya reakta, ni kusema tanuru la atomi, inakaa humo muda murefu, na inatoka imegeuka kuwa kobalti 60. Hiyo njo inatoa mionzi mikali. Hakuna mutu anayeweza kutunza kansere kwa jiwe la mufuko, na yule atakayewauzishia dawa ya namna hiyo, mumufukuze.

Inchi ya Canada ilianza kutunza wagonjwa kwa mashini ya kobalti 60 mwaka 1951, katika muji wa London, Ontario, na muji wa Saskatoon. Kule Saskatoon mashini iliwekwa mwezi wa Agosti. Mugonjwa wa kwanza aliingia tarehe 8 Novemba. Ile miezi katikati walifanya nini? Harold Johns na watu wake walikuwa wanapima. Mugonjwa yule alikuwa mama wa watoto 4, mwenye kansere ya shingo ya kizazi. Alipona, akaishi mupaka uzee.

Walipima nini? Kipimo cha mionzi kinaitwa grei, kwa jina la Mwingereza Louis Harold Gray. Ni kidogo cha kushangaza. Mutu akipata grei 4 mwili muzima kwa mara moja anaweza kufa, na hata hivyo joto lililoingia ndani yake halifiki joto la kijiko kimoja cha chai ya moto. Mugonjwa hasikii kitu, haungui, hawezi kusema "basi, imetosha". Ni hesabu tu inayomulinda.

Kwa hiyo wanatumia maji. Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji. Wanajaza maji ndani ya sanduku, wanatia ndani kipimio kidogo sawa ncha ya kalamu, wanawasha mashini, wanasoma. Nguvu inapungua kadiri inavyoingia: kwenye kina cha santimetre 10, inabakia kupita nusu kidogo. Basi, kama uvimbe uko katikati ya tumbo, ukipiga upande mumoja tu, ngozi na nyama za mbele zitapata mingi kuliko uvimbe wenyewe. Wachimbaji watafahamu vizuri: simamisheni watu 4 ndani ya giza, kila mumoja na lampe yake ya kichwa, wote wamulike fasi moja. Pale lampe zinapokutana kuna mwangaza mukubwa. Fasi zingine ni kidogo tu. Munganga na mutu wa fizika wanachora njia hizo juu ya foto za skanere, wanaepusha figo, macho, na kamba ya mishipa inayopita ndani ya mgongo.

Sasa zile juma 6. Chembe za mwili zilizo nzima zinajitengeneza usiku. Zile za kansere zinashindwa kujitengeneza vile. Kwa hiyo wanatoa mara nyingi grei 2 kwa siku, siku 5 kwa juma, mupaka kufika 60 ao 70 kwa kansere fulani. Kuzitoa zote siku moja ni kuharibu nyama nzima pamoja na kansere. Lakini kuruka siku nako ni hatari, maana kansere inatumia nafasi kuota tena. Kwa kansere ya shingo ya kizazi, matunzo yote, ya inje na ya ndani, yanapaswa kumalizika katika juma 8. Kwa hiyo muhesabu feza za kulala na za kula za juma zote 8 kabla ya kupanda gari. Mama anayesikia nafuu juma ya 3 na kurudi, amerudi na nusu ya dawa.

Kobalti 60 inachoka pia: karibu 1% kila mwezi, na kiisha miaka 5 na miezi 3 nguvu imekuwa nusu. Dakika 2 za mashini mupya zinakuwa dakika 4. Musiogope mukikaa murefu kuliko jirani wa zamani. Lakini mwenye kupima asikosee! Katika Costa Rica, mwaka 1996, walitia kobalti mupya, na katika kuipima mutu mumoja akasoma dakika 0,3 kama sekunde 30. Ni sekunde 18. Wagonjwa 115 walipata mionzi kupita kiasi, na wengine walikufa kwa sababu hiyo. Leo lopitali nyingi zina mashini ya umeme, pasipo kobalti, lakini hesabu ni ile ile, na inafaa mutu wa pili aihesabu tena.

Neno moja kwa wanaomuogesha mugonjwa. Wanganga wanachora alama za wino juu ya ngozi yake, kwa kumulaza kila siku sawasawa na jana. Wengi wanadhani ni uchafu. Musizisugue. Zikianza kufutika, musizichore tena ninyi wenyewe; mumwambie yule wa mashini asubuhi, kabla mugonjwa hajalala juu ya meza.