Si Kila Uvimbe wa Kifua ni TB

Uvimbe wa katikati ya kifua cha kijana hautambuliki kwa eksirei pekee. Hoja kwamba kwa kuwa TB imeenea bonde la Kilombero basi mgonjwa aanzishiwe dawa za miezi 6 na asubiriwe ni ya hatari. Limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, nayo huleta homa, jasho la usiku na kukonda, na haisubiri mtu. Makohozi yapimwe TB kwa mashine ya GeneXpert, sawa. TB isipoonekana, kinyama cha uvimbe kichukuliwe kikapimwe kabla ya steroidi, ambazo huweza kuificha limfoma. Mwanamume apimwe pia AFP na hCG kwenye damu, viashiria vya uvimbe wa seli za uzazi. Kutoka Ifakara, bondeni humo, hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye dawa za saratani na mionzi, safari ni ndefu, ila fupi kuliko miezi 6. Limfoma ya Hodgkin ikiwahiwa, wengi hupona.