Vita ya siku sita: wawili walipigana, mmoja ndiye anadaiwa

Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya muji wetu wa Kisangani. Kila moja lilikuwa na waasi wake wa Kongo: Rwanda na RCD-Goma, Uganda na MLC ya Bemba. Raia mamia walikufa.

Mwaka 2022 korti ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na hiyo ni kwa Kongo nzima, si Kisangani peke. Na Rwanda je? Watu wanauliza kila siku. Kesi yake korti iliikataa mwaka 2006. Haikusema Kigali haina kosa. Ilisema tu haina uwezo wa kuihukumu, maana Rwanda haikukubali.

Leo jeshi la Uganda liko Ituri kwa mwaliko wa Kinshasa. Rwanda, ambayo wataalamu wa ONU wanasema inasaidia M23, ilitia sahihi mapatano na Kongo kule Washington tarehe 27 Juni 2025, Goma na Bukavu zikiwa tayari mikononi mwa M23. Ni majirani walewale. Basi wadeputé wetu wa Tshopo watuambie: kama mlango wa korti umefungwa, deni la Kigali kwa Kisangani litadaiwa kwenye meza gani?