Mvua ni Udhuru wa Nani?

Kila unapoingia msimu wa mvua, swali moja hurejea majumbani, shuleni, katika zahanati na masokoni: je, mvua ni udhuru wa kutofika kazini? Katika mkoa wetu wa Katavi msimu huo ni mmoja tu kwa mwaka. Huanza Novemba na kumalizika Aprili. Hiyo ni takriban nusu ya mwaka. Anayelifanya kila wingu kuwa sababu ya kubaki nyumbani atakuwa amejipa likizo ndefu ambayo hakuna aliyemwidhinishia. Sasa ujira wa siku hizo ataupokea kwa hoja gani?

Ndugu Waislamu, dini yetu haikulinyamazia suala la mvua. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (r.a.), katika siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwamuru mwadhini asiwaite watu msikitini, bali awatangazie waswali majumbani mwao. Watu walipostaajabu, aliwaeleza kuwa aliyekuwa mbora kuliko yeye, yaani Mtume (s.a.w.), alikwisha kufanya hivyo, na kwamba yeye hakupenda kuwatia watu mashakani kwa kutembea katika tope na utelezi.

Tukiizingatia habari hiyo tutaona mambo matatu. Kwanza, udhuru ulifungamana na mashaka ya kweli ya njiani. Pili, udhuru ulitangazwa mapema, kila mtu akajua la kufanya. Hakuachwa yeyote akingoja bila habari. Tatu, swala yenyewe haikuanguka, ila ilihamishiwa nyumbani. Basi na anayezuiwa na mvua asifike kazini, apimwe kwa mizani hiyo: je, kweli amezuiwa, je, ametoa taarifa, na je, wajibu wake umepata wa kuutekeleza au siku ya kuulipa?

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na maana hiyo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kukubalika, kuwa ni kosa linaloweza kumwondoa mtu kazini. Zingatieni maneno hayo: sababu ya kukubalika. Mto uliofurika ni sababu. Kuchelea kulowa si sababu.

Wanaoumia kwa uzembe huu ni wanyonge. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, akaikuta zahanati imefungwa, yeye hakuizingatia mvua kuwa udhuru. Watoto waliofika darasani wakiwa wamelowa hadi magotini, wakaketi hadi saa nne bila mwalimu, wanajifunza somo moja tu siku hiyo, nalo ni kwamba ahadi ya mkubwa haina uzito. Walimu wa madrasa hawamo nje ya maneno haya.

Pamoja na hayo, tunaonya vikali dhidi ya upande wa pili. Uaminifu katika kazi haumtaki mtu aitupe nafsi yake katika maangamizi. Maji yaendayo kwa kasi yenye kina cha sentimita 15 yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuielea gari ndogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi. Isitoshe, maji ya tope hayaonyeshi kama daraja lililo chini yake bado lipo. Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililokuwa likipeleka wanafunzi shuleni lilisombwa na maji na watoto wakapoteza maisha. Mwezi huohuo Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 nchini. Dereva wa bodaboda anayeambiwa na abiria "pita tu, nimechelewa" hana budi kukataa. Na mwajiri anayemtishia mfanyakazi aliyekwama ng'ambo ya mto, akafa mfanyakazi huyo akijaribu kuvuka, ajue ataulizwa.

Kati ya uzembe na maangamizi iko njia, nayo ni maandalizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa mvua zetu kabla msimu haujaanza. Imamu autangaze baada ya swala ya Ijumaa. Ufunguo wa darasa, wa zahanati au wa ghala usikae kwa mtu mmoja anayeishi ng'ambo ya korongo. Uwepo wa pili kwa jirani wa jengo. Kila mwenye kazi awe na mwenzake aliye upande wa pili wa maji, wakubaliane mapema nani atamshikia mwenzake zamu. Mwenye pikipiki abadilishe matairi yaliyoisha Oktoba, asingoje yamwangushe Januari. Aendaye kwa miguu atoke mapema, avae mabuti, na nguo kavu azifunge katika mfuko usiopitisha maji. Na aliyezuiwa apige simu asubuhi, kabla hajatafutwa.

Waajiri nao wasikate ujira wa aliyezuiwa kweli na akatoa taarifa. Wampangie siku ya kufidia. Serikali za vijiji ziwasilishe TARURA mapema, wakati wa kiangazi, orodha ya makalavati yaliyoziba na vivuko vilivyobomoka. Nasi waumini tusisubiri kila kitu kutoka juu: kuzibua mtaro ulio mbele ya msikiti ni kazi ya majembe machache na asubuhi moja.

Mvua ni rehema, na wakati wake unajulikana. Kinachokuja kila mwaka hakistahiki kuitwa ajali.

Wabillahi tawfiiq.